Zamu ya Jumamosi

Chupa ya maziwa ilikuwa imeoshwa. Si kusuuzwa tu na kutupwa kwenye beseni, namna Baba Kibonge alivyozoea kuosha vitu. Ilikuwa imeoshwa hasa, imesuguliwa mpaka shingoni, imepinduliwa juu ya kitambaa safi, na chuchu yake imewekwa pembeni ikauke. Mama Kibonge aliitazama asubuhi hiyo ya Jumapili, kichwa kikimgonga kwa kukosa usingizi, na pamoja na hasira zote alizolala nazo akajikuta analainika. Kumbe mtu huyu akitaka anaweza.

Walikuwa hawajasemezana tangu jana yake jioni, na sababu yenyewe tuiseme ilivyo, maana ndiyo iliyozaa haya mengine yote.

Kabla ya mtoto, Jumamosi ilikuwa ya kila mtu. Baba Kibonge, msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, alikwenda kucheza pool na wenzake wa kazini. Mama Kibonge alikuwa msusi, na saluni ikifungwa alitoka na wasusi wenzake kwenda kucheza muziki ukumbini mpaka miguu iwake moto. Walirudi usiku wakakutana mlangoni wakicheka. Halafu akaja Kibonge, mashavu tele, mikono kama imefungwa uzi kwenye viwiko, na Jumamosi ikawa moja tu kwa watu wawili.

Hapo ndipo mahesabu yalipoanza.

"Wiki iliyopita ulitoka wewe."

"Ule ulikuwa msiba, Mama Kibonge!"

"Msiba wa saa saba usiku? Marehemu mlikuwa mnamzika mara ngapi?"

Na mke akienda dukani akachelewa nusu saa, mume alimpokea mlangoni na mtoto mkononi kama mtu anayerudisha mzigo usio wake. Kila mmoja alijua dakika za mwenzake kwa kichwa. Walipendana, wala sisemi hawakupendana, lakini mapenzi yenyewe yalikuwa yamechoka na yananuka maziwa.

Ndipo mume akaleta ujanja wa kiwandani. Aliandika ratiba, akaibandika kwenye mlango wa friji: siku saba, kila jioni na jina la anayekaa na mtoto. Kule kazini, zamu ikikosa mwenyewe, yeye huandika "Yeyote" kwenye kisanduku na kuweka kidau cha wino pembeni. Anayeitaka anabonyeza dole gumba, na zamu inakuwa yake. Hakuna kuulizana wala kujadili, kwa sababu unga ukishaumuka haumsubiri mtu.

Jumamosi hiyo hawakuelewana. Mume alikuwa na mashindano ya pool, mke alikuwa na siku ya kuzaliwa ya rafiki. Walipomaliza kutupiana maneno, Baba Kibonge alichukua kalamu akaandika kwenye kisanduku: Yeyote. Akaweka na kidau cha wino juu ya friji.

"Yeyote ndiyo nani?" mke aliuliza. "Humu ndani tuko wawili."

"Atakayemhurumia mtoto kwanza."

Yaani ulikuwa mchezo wa kukaziana. Saa moja na nusu jioni, Kibonge akiwa amelala, Mama Kibonge alisimama kwenye korido, viatu mkononi, akapaza sauti kuelekea bafuni ambako maji yalikuwa yanamwagika, "Mimi natoka! Mtoto huyo ni wako!" Sauti ya kiume ikamwitikia kutoka humo humo, "Haya." Akatoka kwa mlango wa nyuma kabla huruma haijamshika.

Sasa, Jumapili asubuhi, chupa mkononi, alikwenda sebuleni ambako mume alikuwa anajinyoosha kwenye kochi.

"Asante kwa kuosha chupa," alisema.

Baba Kibonge alimtazama kwa mashaka, akidhani anachokozwa. "Chupa gani? Si uliosha wewe?"

"Mimi nilikuwa nimetoka."

"Umetoka saa ngapi? Mimi ndiye niliyetoka. Nilikuaga ukiwa jikoni, ukaniitikia 'Haya.'"

"Mimi sikuwa jikoni. Wewe ulikuwa bafuni."

"Bafuni nilimaliza saa kumi na mbili." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama Kibonge, acha mchezo. Nilirudi saa tano. Ulikuwa chumbani kwenye kiti chako, taa umezima, umempakata mtoto. Nikakwambia samahani. Hukunijibu, nikajua bado umenuna, nikaja kulala hapa."

Mama Kibonge aliweka chupa juu ya meza polepole. "Mimi nilirudi saa saba," alisema.

Walikimbilia chumbani wakigongana mlangoni. Kibonge alikuwa kitandani kwake, macho wazi, hajambo, hana hata mkwaruzo. Alikuwa anakitazama kile kiti cha kunyonyeshea kilicho tupu, na chumba kilikuwa na harufu ya maziwa yaliyoungulia chini ya sufuria, na nyuma yake harufu nyingine ya majivu yaliyomwagiwa maji. Mume alirudi jikoni akifuata jambo lililomjia kichwani. Mke alimfuata. Kwenye kisanduku cha Jumamosi, juu ya neno aliloandika kwa mkono wake, palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino, refu kuliko la mtu, laini, halina mstari hata mmoja.

Waliichana ratiba vipande vipande. Baba Kibonge alivichoma kwenye sinki, akafungulia maji, na wote wawili wakasimama hapo mpaka kipande cha mwisho kilipokwenda na bomba.

Jumatatu Kibonge aliacha kulia. Hakulia kwa njaa wala kwa nepi iliyolowa. Mama yake alipomweka kifuani aligeuza uso na kukitazama kiti, midomo imefumba. Lakini chupa iliyowekwa usiku ikiwa imejaa iliamka tupu, imeoshwa, imepinduliwa. Kliniki, muuguzi alimweka mtoto kwenye mzani, akatazama kadi, akamweka tena.

"Mtoto amepungua, mama. Anakula?"

"Anamaliza chupa kila usiku."

"Wewe unamwona akimaliza?"

Mama Kibonge alimfunga mtoto mgongoni, akahisi jinsi alivyokuwa mwepesi, akatoka nje na kulia kwenye benchi mbele ya watu bila kujali. Usiku huo walihamia kwa mama yake mzazi, mtaa wa tatu, wakidhani wameikimbia nyumba. Asubuhi bibi wa mtoto aliwasifu kwa kuosha chupa. Kwenye mlango wa friji yake ilikuwa imebandikwa ratiba ile ile, mwandiko ule ule wa Baba Kibonge, bila kukunjamana wala kuungua hata pembe.

"Haishiki nyumba," mume alinong'ona. "Inamshika mtoto."

Wakarudi kwao, maana kulikuwa na faida gani ya kumwingiza mama mzee kwenye janga?

Jumamosi ya pili walikula kiapo hakuna anayetoka. Walifunga milango, wakawasha taa zote, wakakaa kitandani mtoto akiwa katikati yao, kila mmoja amemshika mguu mmoja. Ilipofika saa moja na nusu harufu ya maziwa yaliyoungua iliingia, kwanza kidogo tu, kiasi kwamba Mama Kibonge alitaka kuuliza kama jiko limezimwa, kisha ikazidi, na majivu nyuma yake, na kiti kilichokuwa pembeni kikaanza kulia kwi, kwi, kama kinavyolia mtu akikikalia na kujiegemeza, na taa ya chumbani ikafifia bila kuzimika. Alitaka kumwinua mtoto na mikono yake ikakataa, na kabla hajajua alichokuwa anakifanya miguu yake ilikuwa imeshuka sakafuni na inatembea, na ya mume wake inatembea pembeni yake, wote wawili wanatoka chumbani kwao kwa adabu kama wafanyakazi waliopigiwa kengele, mpaka mlango ukajifunga nyuma ya visigino vyao na ufunguo ukageuka kwa ndani.

Waliupiga mlango. Waliupiga kwa ngumi, kwa bega, kwa kigoda cha jikoni, na ndani sauti ya mwanamke ilikuwa inaimba kwa kufumba mdomo, na sauti ile ilikuwa yake, Mama Kibonge mwenyewe, ile sauti aliyokuwa nayo kabla hajaanza kuchoka.

"Mtoto wangu!" alilia. "Fungua! Mtoto wangu huyo!"

Kuimba kukakoma. "Walio nje ya zamu hawaruhusiwi ndani," sauti ilisema kwa upole.

Baba Kibonge aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. Maneno hayo aliyaandika yeye kwa rangi nyekundu, miaka sita iliyopita, kwenye mlango wa chumba cha matanuri kule kiwandani.

Mlango ulifunguka wenyewe saa saba. Kibonge alikuwa juu ya kiti, amefungwa vizuri kwenye blanketi, na mashavu yaliyompa jina hayakuwapo tena.

Aliyewasaidia alipatikana kwa yule muuguzi wa kliniki, ambaye siku iliyofuata alimtazama mtoto, akatazama huku na huku, akaandika namba ya simu nyuma ya kadi. Walitarajia mganga wa mavazi na manyoya. Akaja mama wa makamo mwenye aproni, vidole vimejaa plasta, fundi wa kukata vioo vya madirisha, ambaye hata kabla ya kusalimia alichungulia dirisha la chumbani na kusema kioo hicho kiliwekwa na mtu mvivu. Jina lake hawakuliuliza. Walimwita Fundi kama wateja wake wote.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia mume.

"Kwa hiyo uliandika, ukaacha na wino."

"Ndiyo, Fundi. Lakini ni mambo ya nyumbani tu. Ni karatasi."

"Mimi nimewafukuza majini walioingia kwa kutumwa," Fundi alisema, "na walioachwa na wapangaji wa zamani. Hao nikiwasomea wanaondoka, maana wanajua si kwao. Huyu wenu hakuingia kwa wizi. Kaajiriwa. Nikimsomea atanionyesha sahihi yake."

"Sasa anaondokaje?" Mama Kibonge aliuliza.

"Anapokelewa zamu. Mmoja wenu atasimama mbele yake, ataweka dole juu ya dole lake, atasema 'mimi'. Na baada ya hapo ataishika kila Jumamosi, bila kukosa hata moja, mpaka mtoto huyu aweze kusema mwenyewe anamtaka nani. Jina moja tu. Hawa hawajui kugawana."

"Na yeye akishapokelewa anakwenda wapi?"

Fundi alichezea plasta ya kidole chake. "Anakuwa huru. Huru wa namna gani, hilo sitakudanganya, silijui. Mimi nimeitiwa mtoto."

Walikubaliana. Kwa wiki nzima walikubaliana kila kitu isipokuwa jina, kila mmoja akidhani, sijui kwa nini, kwamba mwenzake atalitaja saa ikifika.

Jumamosi ya tatu Fundi alisimama kizingitini na kusoma kwa sauti ya chini, kitambaa cheupe kimeshikwa kwa mikono miwili, ratiba ile iliyotoka kwa bibi imebandikwa ukutani, wino umefunguliwa. Saa moja na nusu harufu iliingia. Safari hii hawakutembezwa kwenda nje, kwa kuwa Fundi alikuwa amezuia mlango kwa mwili wake, na safari hii kilichokalia kiti kilionekana.

Mama Kibonge alijiona. Alikuwa na gauni lake la kuchezea muziki, lile ambalo zipu yake haikufunga tena tangu ajifungue, na lilikuwa limemkaa sawasawa. Nywele zilikuwa zimesukwa. Hilo ndilo lililomtia kichaa kuliko macho yale yasiyopepesa, kwamba nywele zilikuwa zimesukwa mistari midogo midogo, safi, mpaka kisogoni, namna ambayo yeye huwasuka watu wengine na hajapata wa kumsuka yeye kwa miezi minne. Kibonge alikuwa amelala mkononi mwake, midomo ya kijivu, anamtazama usoni kwa mapenzi.

"Nani anampokea?" Fundi aliuliza.

Mume alimtazama mke, mke akamtazama mume.

"Nimeuliza nani anampokea? Sitaweza kusimama hapa usiku kucha."

"Mama Kibonge," mume alinong'ona, "wewe ndiye mama yake."

"Na wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi nikiitwa kazini Jumamosi nitasemaje? Nitawaambia watu wazima nini?"

"Waambie una mtoto!"

"Tupeane basi, wewe mwezi huu, mimi..."

"Jina moja!" Fundi alifoka.

Na wao, Mungu awasamehe, wakaendelea. Mtoto akiwa mikononi mwa jini, walikumbushana msiba ule, walikumbushana mashindano, siku ya kuzaliwa, nusu saa ya dukani, nani aliamka usiku wa homa na nani alijifanya amelala, kwa minong'ono, kwa meno yaliyokazwa, wakinyoosheana vidole, na kadiri walivyobishana ndivyo kiti kilivyozidi kulia, kwi, kwi, kwi, na kile kilichokikalia kikawa kinatabasamu kama mtu anayesikiliza wimbo aupendao, na mkono mdogo wa Kibonge uliokuwa umeshika ukosi wa gauni ukaanza kulegea, kidole kimoja, kisha kingine, na Mama Kibonge akauona ukianguka.

"Mimi!" alipiga ukelele. Alijirusha ukutani, akachovya dole, akalikandamiza juu ya lile dole refu mpaka kucha ikauma. "Mimi nimepokea! Nipe mtoto! Mtoto tu, mwanangu tu, hayo mengine yote chukua!"

Kiti kiliacha kulia. Kile kitu kilimwangalia kwa muda mrefu, kikainuka, kikamkabidhi mtoto kwa uangalifu kabisa, kichwa kikiwa kimeshikiliwa, namna inavyotakiwa. Kilinyoosha gauni lake. Kikampita Fundi mlangoni, na Fundi akajibana ukutani asiguswe.

Kibonge alifungua mdomo akalia. Alilia kwa njaa, kwa nepi, kwa wiki mbili nzima, na mama yake alikaa chini akamnyonyesha huku machozi yanamdondokea mtoto usoni. Alipoinua macho alimwona mume wake amejifuta jasho, na usoni kwake, pamoja na furaha, kulikuwa na nafuu ya mtu aliyeponea kwenye kura. Hiyo aliiona, na hakuisahau.

"Yameisha," Baba Kibonge alisema.

Fundi alikuwa ameinama anafunga mkoba wake.

Wiki hiyo mashavu yalianza kurudi. Kiti walikivunja kuni. Jumamosi ilipofika mume alizungukazunguka chumbani, akavaa shati, akalivua, akalivaa tena. "Kwa kuwa wewe upo tu," alisema bila kumtazama, "basi nichungulie kidogo kwa wenzangu. Saa nne niko hapa." Mama Kibonge alimwambia aende. Hakuwa na nguvu ya kubishana, na kusema kweli, hakutaka kubishana tena maisha yake yote. Alikuwa na mtoto wake, mzito, wa moto, anayelia.

Saa nne ilipita. Saa tano na robo simu ililia. Alikuwa msusi mwenzake, na nyuma yake muziki ulikuwa unavuma.

"Shoga! Nimetoka nje kidogo nikupongeze kwa simu, maana huko ndani hata hunisalimii. Leo mmependeza! Ukumbi mzima unawatazama."

"Unamwambia nani?"

"Wewe na bwana wako! Nani kakusuka hivyo? Si mmoja wetu, mkono ule siujui."

"Mimi niko nyumbani," Mama Kibonge alisema. "Niko nyumbani na mtoto."

Mwenzake alicheka, kisha akaacha kucheka. "Usinitanie. Nakuona hapa dirishani. Umeweka mikono shingoni kwake, na wala hushiki simu." Pumzi ilisikika. "Mbona umegeuka unanitazama hivyo?"

Simu ikakatika. Mama Kibonge aliibonyeza namba ya mume wake, mara ya kwanza, mara ya pili. Kibonge alikuwa ananyonya kifuani kwake, na alijua kwamba akisimama, akivuka kizingiti hicho kwenda kumtafuta mume, zamu itakuwa wazi. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Nipe mume wangu," alisema.

"Uliniomba mtoto tu," ilijibu sauti yake mwenyewe, inahema kidogo, kama mtu aliyetoka kucheza. "Nami nikakurudishia. Alikuwapo shahidi."

"Tafadhali. Nipe niongee naye."

Muziki ulibadilika huko. Alimsikia Baba Kibonge akicheka, kicheko kirefu, kilicholegea, ambacho hakuwa amekisikia tangu mtoto azaliwe, na akamsikia akiuliza kwa karibu kabisa, mdomo wake sikioni kwa mtu, "Nani huyo anatusumbua, mke wangu?"

"Yaya," sauti ilimjibu. "Anauliza tutarudi saa ngapi."